Kutunza cheni ya pikipiki kwenye mchanga na milima ya Mwanza

Joey Dunlop wa Ireland ya Kaskazini alishinda mbio za pikipiki za TT (Tourist Trophy) za Kisiwa cha Man mara 26, kuanzia 1977 hadi 2000. Tatu za mwisho alizipata akiwa na miaka 48, na mojawapo ilikuwa ya pikipiki za 125cc, ujazo uleule wa bodaboda nyingi za Igoma na Kirumba. Alisifika pia kwa kushika spana mwenyewe. Mzunguko mmoja wa barabara ile ni kama kilomita 60.7, na cheni iliyochoka haimalizi safari ya namna hiyo.

Mwanza adui wa cheni ni mchanga. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na changarawe kutoka kwenye mawe ya mlimani mpaka barabarani. Halafu dereva anamwagia cheni oili chafu ya injini. Hapo umetengeneza msasa: oili inanasa mchanga, mchanga unakula pini za viungo.

Safisha kila baada ya kilomita 500. Anayepiga kilomita 80 kwa siku atafanya hivyo kila wiki, na mapema zaidi akinyeshewa. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gia iwe huru, na injini IZIMWE. Kuzungusha gurudumu kwa injini huku umeshika kitambaa kumeshakata vidole vya watu. Sugua kwa brashi na mafuta ya taa, usitumie petroli. Futa mpaka kitambaa kitoke kisafi, kisha dondoshea oili ya gia SAE 90 upande wa ndani wa cheni, tone moja kwa kila kiungo. Subiri dakika 15, ufute ya juu. Ukiondoka papo hapo itarukia tairi, na tairi yenye oili kwenye kona ni balaa.

Sasa ulegevu. Sukuma cheni juu na chini katikati ya sehemu yake ya chini. Pikipiki nyingi ndogo zinataka mchezo wa milimita 20 hadi 30, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu taratibu na upime pale cheni inapokaza zaidi, kwa sababu haichakai sawasawa. Wengi wanaikaza kama waya wa gitaa, wakidhani ndiyo imara. Ukipakia mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) kupanda mlima wa Bugando, shokapu zinabonyea, gurudumu la nyuma linapanda na cheni inajivuta yenyewe. Ikiwa ilishakazwa sana, mzigo wote unaangukia beringi za giaboksi, na hizo bei yake si ya cheni.

Kukaza: legeza nati ya ekseli ya nyuma, zungusha nati ndogo za kurekebishia robo mzunguko kila upande, linganisha alama za kulia na kushoto, kaza ekseli, pima tena. Alama zikipishana gurudumu linakaa upande na sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni, inaliwa ubavu mmoja. Usisahau breki ya nyuma. Gurudumu likirudi nyuma fimbo ya breki inavutika, na breki itakuwa inashika wakati wote. Ngoma ya breki ikichemka baada ya safari fupi, sababu mara nyingi ni hiyo.

Klipu ya kiungo cha kuungia ina upande uliofungika na mdomo wazi. Uliofungika ndio utangulie kule cheni inakokwenda. Ukigeuza, jiwe dogo tu litaichomoa.

Kujua kama imekwisha, ivute inyooke na upime viungo 20. Cheni ya saizi 428 ikiwa mpya vinatoa milimita 254. Ikifika 259, itoe. Tazama na meno ya sproketi: yakipinda kama ndoana, nunua seti nzima, sproketi mbili na cheni. Anayebadilisha cheni peke yake atarudi dukani mapema, kwani meno ya zamani yanairefusha mpya haraka.