Kilainishi cha skrubu ya mashine ya asali: kipi safi, na kiasi gani

Kwenye mashine ya mkono ya kukamulia asali, skrubu iko juu na masega yako chini. Chochote unachopaka kwenye meno ya skrubu, siku moja kitadondokea ndani. Chagua kilainishi ukijua kitaliwa. Asali ya Tabora inanunuliwa kwa harufu ya miombo, na asali ni nyepesi kunasa harufu ya kitu kilicho jirani yake.

Hatua ya 1: Ondoa visivyofaa

Oili chafu ya gari haina mjadala: ina masizi na chembe za vyuma. Grisi ya beringi iache kwenye gurudumu. Mafuta ya mgando ya watoto yana manukato. Yanayowaponza wengi ni mafuta ya alizeti, kwa sababu yanaliwa. Yanaliwa kweli, ila yakikaa hewani yanageuka gundi ya njano inayoshika vumbi na kuvuta sisimizi, na skrubu inakuwa nzito kuliko ilipokuwa kavu. Samli nayo huchacha.

Hatua ya 2: Chagua katika vilivyobaki

Ukipata grisi ya mashine za chakula, tafuta alama ya NSF H1 kwenye kopo (NSF ni shirika la Marekani linalothibitisha usalama wa bidhaa kama hizi). H2 ni ya sehemu zisizogusana na chakula kabisa, usiichukue. Hata H1 ni kwa ajili ya mguso wa bahati mbaya tu: kanuni za Marekani zinaruhusu mafuta meupe ya madini yasiyozidi sehemu 10 kwa milioni, yaani gramu 1 katika kilo 100 za asali.

Kingine ni likwidi parafini ya duka la dawa, ile inayonywewa kulainisha choo. Haina harufu wala ladha. (Si mafuta ya taa, ambayo Wakenya huyaita parafini. Muulize muuzaji vizuri.) Kasoro yake ni wepesi: ikiwa peke yake inachuruzika. Ndiyo maana mfugaji nyuki wa Sikonge au Urambo, ambaye nta anayo nyumbani, afadhali aichanganye.

Hatua ya 3: Pika mchanganyiko

Nta gramu 20, likwidi parafini gramu 80, sawa na mililita 95 hivi. Nta iwe imeshayeyushwa na maji, ikaganda, na uchafu wa chini ukakwanguliwa. Ikibaki na asali au maji, kilainishi chenyewe kitaleta kutu. Weka vyote kwenye sufuria ndogo ya stenlesi, uikalishe ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo moto mkali wa nini? Usiibandike moja kwa moja motoni, inawaka. Usitumie chombo cha shaba wala chuma, kitaibadili nta rangi. Chuja kwa kitambaa, koroga mpaka ipoe, tia kwenye kopo lenye kifuniko.

Asubuhi za Juni na Julai kuna baridi na mchanganyiko hukaza. Ongeza parafini hadi gramu 100. Joto la Oktoba likija, punguza hadi 60.

Hatua ya 4: Paka kidogo

Osha skrubu kwa maji ya moto, sugua meno kwa brashi, anika juani mpaka ikauke kabisa. Kwa skrubu ya sentimita 30, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Paka kwenye sehemu inayopita ndani ya nati tu, zungusha mpini juu na chini mara tano, kisha futa kinachosukumwa nje. Hicho kinachobaki pembeni ya nati, kama uji mdomoni mwa mtoto, ndicho kitakachodondoka.

Kata duara la plastiki kutoka kifuniko cha ndoo ya chakula, toboa katikati, livishe skrubu chini ya nati. Litakinga matone. Weka karatasi nyeupe ndani ya mashine tupu kwa robo saa. Ukiona doa, futa tena.

Maji ya moto ya kuoshea huondoa nta, kwa hiyo kila ukiosha, paka upya.

Ikigoma

Mpini ukilia kwenye nati, meno yamekauka. Skrubu ya stenlesi kwenye nati ya stenlesi ni mbaya zaidi: zikisagana kavu zinang'ang'aniana hadi hazifunguki. Mwambie fundi aweke nati ya shaba.

Mpini ukiwa mzito bila kulia, kilainishi hakihusiki. Umejaza masega mengi mno, au mfuko wa kuchujia umeziba. Pandisha sahani ya kukandamizia, vunja donge la masega, subiri asali ishuke, kisha kaza robo mzunguko kwa robo mzunguko.