Jinsi ya kuzunguka Homestead, kamji ka chuma pembeni ya mto

Kwanza tuelewane, Homestead sio mtaa wa jiji la Pittsburgh kule Pennsylvania, Marekani, ni kamji kenye meya wake, watu elfu 3 hivi tu, kamebanwa kati ya kilima na mto Monongahela. Nusu siku inatosha. Ukitokea katikati ya Pittsburgh panda basi la 61C, ila cheki ratiba siku hiyohiyo.

Wengi wanaanzia The Waterfront, wanakuta maduka na parking wanasema aah hapa hamna kitu. Kumbe hapo hapo ndo kilikuwepo kiwanda cha chuma cha tajiri Andrew Carnegie, kilifungwa 1986, maduka yakafunguliwa 1999. We pitiliza mpaka Pump House upande wa Munhall, jengo la matofali karibu na maji. Ukikuta limefungwa usijali, cha maana kiko nje. Hapo tarehe 6 Julai 1892 Frick, bosi aliyeachiwa kiwanda na Carnegie, baada ya kuwafungia wafanyakazi nje alileta walinzi wa kukodi wa Pinkerton kama 300 kwa matishari, usiku usiku, wakakuta wafanyakazi na wenyeji wameshajipanga, ikapigwa kuanzia alfajiri mpaka jioni, watu wakajaribu mpaka kumwaga mafuta mtoni wawachome humohumo, Pinkerton wakasalimu amri. Ila gavana akaleta wanajeshi na mgomo wa wafanyakazi ukafa taratibu.

Rudi na njia ya baiskeli mpaka kwenye zile chimney 12 za kiwanda zimesimama mstari mmoja jirani na sinema, zisogelee kabisa, ukiwa mbali hazina maajabu.

Halafu vuka reli uende 8th Avenue, na treni la mizigo likikukuta hapo tulia tu, ni refu balaa. Kuna Bost Building, ndo ilikuwa ofisi ya wagomaji. Panda kilima uone maktaba ya Carnegie ya 1898, ina mpaka swimming pool na ukumbi wa muziki. Sasa mtu katoka zamu ya masaa 12 kwenye moto, anasoma saa ngapi?

Carrie Furnace, matanuru ya zamani ya kuyeyushia chuma, iko ng'ambo ya mto, usijaribu kukatiza lile daraja la zamani la reli, ingia na gari kupitia daraja la Rankin. Tour unabuku mapema, msimu wa baridi usitegemee, na vaa viatu vya kufunika, sio ndala. Mwambie anayewatembeza akuonyeshe kichwa cha kulungu, wasanii walijipenyeza humo miaka ya 90 wakakisuka kwa mabomba na waya za kiwandani.