Kupiga picha supaseli: kaa kusini-mashariki mwa wingu

Kabla ya kuwaza kamera, jua pa kusimama. Supaseli ni wingu la radi ambalo hewa inayopanda ndani yake inazunguka, na huku kwetu Kansas mara nyingi huelekea mashariki au kaskazini-mashariki. Basi wewe kaa kusini-mashariki mwake, ulitazame. Hapo unaliona lote: kitako cheusi kisicho na mvua, na pazia la mvua na mawe upande wa kulia. Barabara ya kutokea kusini nayo inabaki wazi.

Mei ndio mwezi wenyewe. Asubuhi nafungua ramani ya Storm Prediction Center, kituo cha serikali ya Marekani cha kutabiri dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, inayopanga hatari kwa ngazi 1 hadi 5. Siishii kwenye rangi, nasoma maelezo: unyevu wa Ghuba ya Meksiko umepanda hadi wapi, na hewa kavu ya magharibi itakutana nao wapi jioni. Naenda mashariki kidogo ya hapo, najaza tangi, nasubiri.

Shika lami. Barabara za udongo zikilowa huteleza kama mlenda, na ramani ya simu haitakwambia.

Lenzi pana, milimita 14 hadi 24. RAW (faili ghafi la picha), tundu la lenzi f/8, wepesi wa kihisi ISO 100. Pima mwanga kwenye sehemu angavu ya anga, maana weupe ukishaungua haurudi. Chini weka ghala la nafaka au nyumba ya shamba, ukubwa wa wingu uonekane. Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia: pigia picha ndani ya gari.

Sikiliza upepo. Ukiwa wa joto, unakupiga mgongoni na ngano yote imelalia upande wa wingu, ujue bado linavuta hewa. Endelea. Ukigeuka ghafla ukakupiga usoni, baridi, ondoka hapo hapo.

Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, mtafiti wa tonado Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young waliuawa na tonado (nguzo ya upepo mkali unaozunguka toka winguni hadi ardhini) iliyotanuka kupita kilomita 4, imejificha ndani ya mvua. Walikuwa wajuzi kutushinda wengi wetu. Kwa hiyo siingii kwenye mvua kuitafuta tonado nisiyoiona, hata picha iwe tamu namna gani.

Giza likiingia siifukuzi supaseli tena. Naiacha iende zake, kisha ikishafika umbali wa kilomita 30 hivi napiga picha za umeme wake: tripodi, shata sekunde 15, fokasi ya mkono kwenye taa ya mbali kabisa.