Kabla Hujatuma Hela ya Fiziotherapia Nyumbani

"Mzee ameandikiwa fiziotherapia, tunaomba hela." Ujumbe huo ukikukuta Leicester, Houston au Muscat, usianze na swali la shilingi ngapi. Anza na: tiba hiyo ya mazoezi ni ya nini? Fiziotherapia ya aliyepata kiharusi haifanani na ya kijana aliyevunjika paja kwa bodaboda, na ya mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kwa ndani, ni nyingine kabisa. Muda wake si ule ule, vifaa si vile vile, na mara nyingine gharama kubwa haiko hospitali, iko kwenye nauli.

Kiharusi ndicho kinachowatikisa zaidi walioko nje, basi nianze nacho. Sehemu kubwa ya nguvu inayorudi mwilini hurudi katika miezi 3 hivi ya mwanzo, ingawa mgonjwa anaweza kuendelea kupata nafuu hata baada ya hapo. Sasa angalia jinsi familia zetu zinavyozitumia wiki hizo: vikao vya ukoo, michango kwenye kundi la WhatsApp, mabishano kama mama apelekwe Dar es Salaam. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na mteremko wa Kitonga uko njiani. Kama daktari anasema kuna kipimo au upasuaji ambao haupatikani karibu, aende, hapo hakuna mjadala. Lakini akishatulia, anachohitaji ni mazoezi yanayorudiwa kila siku: kujigeuza kitandani, kukaa bila kuegemea, kusimama, kushika kikombe. Kwa hayo, ulizia kwanza Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au hospitali ya rufaa ya mkoa kama nyumbani ni Iringa au Njombe. Mtaalamu wa karibu anayeonwa mara kwa mara ni bora kuliko bingwa wa mbali anayeonwa mara moja.

Na anahitajika mtu mmoja nyumbani aliyefundishwa na mtaalamu huyo. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Bili ya hospitali tunalipa bila kunung'unika, ila binti wa shangazi aliyefunga genge lake ili amgeuze mama kila saa 2 asipate vidonda vya mgongo tunamtumia "asante sana dada" na emoji. Mlipe. Kazi yake ni sehemu ya tiba.

Mwambie pia mambo machache. Mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua mgonjwa, maana bega lisilo na misuli ya kulishikilia huteguka kirahisi na maumivu yake hukaa muda mrefu. Uji anywe akiwa amekaa wima, na akikohoa kila anapomeza, asilishwe tena mpaka hospitali wamwangalie. Halafu kuna kukanda kwa maji ya moto. Kwa baridi ya Makete au Mafinga mtu akikandwa anajisikia vizuri, hilo silikatai, lakini upande uliokufa ganzi hausikii moto. Ngozi inaungua na mgonjwa hasemi kitu.

Kwa mifupa, wengi hudhani fiziotherapia huanza siku POP, ile plasta ngumu ya hospitali, inapotolewa. Kwa kawaida huanza mapema zaidi: kuchezesha vidole, kukaza misuli ya paja bila kukunja goti, kujifunza kutembea na magongo bila kuukanyagia mguu. Vidole vikivimba, vikawa baridi au maumivu yakazidi ndani ya POP, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Na mfupa uliovunjika usipelekwe kwa mkandaji aunyooshe tena, hata kama ndiye aliyemtibu babu.

Mgongo una hadithi yake. Mtu aliyelima viazi Uporoto au kubeba ndizi Rungwe miaka 40 atakuwa na mgongo unaouma, na mara nyingi dawa yake ni kuendelea kutembea, kuimarisha misuli na kubadili namna ya kubeba, si kulala wiki nzima. Ila maumivu ya mgongo yakiambatana na homa za jioni, kukonda au kibyongo kinachochomoza, asikandwe wala kupewa mazoezi kabla ya kupimwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miguu ikilegea ghafla, au akishindwa kuzuia mkojo, ni dharura.

Mtoto mwenye mguu kifundo hufungwa POP inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha huvaa viatu maalumu, miezi 3 hivi ya mwanzo karibu muda wote, baadaye usiku hadi umri wa miaka 4 au 5. Familia nyingi hukata tamaa katika hatua hiyo ya viatu, mguu ukirudi kupinda wanasema tiba ilishindwa. Tuma nauli ya kliniki za kila wiki, na uendelee kuulizia viatu hata mtoto akishaanza kukimbia. Mwenye utindio wa ubongo ana safari ndefu zaidi, na mzazi wake ndiye anayefundishwa kwanza.

Bibi aliyepikia kuni maisha yake yote na sasa anahema akipanda mlima naye ana fiziotherapia yake, ya kifua: namna ya kupumua, kutoa makohozi, kutembea kwa hatua zinazoongezwa polepole. Dada anayevuja mkojo tangu ajifungue anaweza kusaidiwa na mazoezi ya misuli ya nyonga kwa miezi 3 hivi. Kama mkojo unatoka muda wote bila kukoma, apimwe fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, ambayo kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji.

Kuhusu vifaa, nisikilize kabla hujajaza sanduku. Mashine ya masaji inayotetemeka iache dukani. Kitembezi chenye magurudumu madogo hakiendi popote kwenye tope la Tukuyu. Fimbo imara yenye mpira chini inafaa zaidi. Kwa aliyevunjika nyonga, kitu cha kwanza ni kiti cha choo chenye tundu, ambacho fundi seremala wa mtaani anakitengeneza, kwa sababu kuchuchumaa kwenye choo cha shimo hataweza.

Malipo ya hospitali ya serikali omba control number na risiti, lipia vipindi vichache vya mazoezi, kisha uliza: lengo la mwezi huu ni lipi? Mtaalamu akisema "asimame mwenyewe kutoka kitini", una kitu cha kufuatilia. Aliyeko nyumbani arekodi mazoezi kwa simu, kwa ruhusa, asiyasahau. Nawe kama unafanya kazi ya kutunza wazee huko uliko, unajua kumwinua mtu bila kuumiza mgongo wako. Mwonyeshe kwa video.

Na ukipiga simu ya video usitosheke na uso wa mama. Atasema "sijambo mwanangu" hata akiwa hajainuka siku nzima. Omba simu irudishwe nyuma umwone mwili mzima akisimama na kutembea hatua chache. Kama wiki iliyopita alisimama mwenyewe na leo anashikwa kwapani na watu wawili, wampeleke hospitali, wasingojee tarehe ya kliniki.