Kuchukua sampuli ya hewa Raskazone kupima gesi zinazokula ozoni

Wapo wanaodhani klorini inayokula ozoni, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, hutoka kwenye chumvi ya bahari. Chumvi ya bahari haihusiki na ozoni inayopungua juu angani. Mvua huiosha kabla haijafika huko. Zinazofika ni CFC-11 na CFC-12, gesi za friji na dawa za kupuliza za zamani, kwa sababu haziyeyuki katika maji. Hupandia zaidi ukanda wa ikweta, na juu ya kilomita 20 miale mikali ya jua huzivunja na kuachia klorini inayokula ozoni. Klorini iliyokwisha kuachiwa husomwa na vyombo kama setilaiti ya Aura, iliyorushwa 2004. Anayepima Raskazone, ufukweni Tanga, anapima mlangoni, kabla safari haijaanza.

Andaa chupa mbili za chuma cha pua, lita 2 au 3 kila moja, zilizonyonywa hewa yote. Pampu iwe na kiwambo cha tefloni, na mrija uwe wa chuma. Mpira, silikoni na grisi ni marufuku: hunyonya CFC na kuitoa baadaye, kipimo kikaharibika bila wewe kujua.

Nenda alasiri, upepo ukitoka baharini. Asubuhi umande, yaani upepo wa nchi kavu, huvuma kutoka bara, ukiwa umepita juu ya mji na karakana za mafundi friji. Sampuli nyingi huharibikia hapo. Kagua pia vichaka: sponji ya kuzuia joto iliyo ndani ya kuta za friji bovu lililotupwa huvujisha CFC-11 kwa miaka. Gari liache mbali, upande upepo unakoelekea.

Funga mrija kwenye nguzo, mdomo wake mita 4 kutoka chini. Hewa ipitie kwanza kwenye kikaushio cha magnesi pakloreti, chembe zinazofyonza unyevu. Chembe zikishikana kama chumvi iliyolowa, badilisha. Pampu iendeshe dakika 10 chupa zikiwa zimefungwa. Kisha jaza hadi geji isome bar 1, achia; fanya hivyo mara 5. Ujazo wa sita ndio sampuli. Vali ifunge kwa vidole tu. Ukiikaza kwa nguvu unaumiza kikalio chake na itavuja. Andika saa, mwelekeo wa upepo na presha. Kesho yake, katika joto lilelile, soma presha tena. Ikishuka, chupa hiyo haifai.

Haidrojeni kloraidi, gesi nyingine yenye klorini, usiitafute humu, maana hung'ang'ania ukuta wa chupa.

Maabara, kwenye kromatografia ya gesi (mashine inayotenganisha gesi) yenye kitambuzi cha kunasa elektroni, pitisha gesi sanifu, yaani ile ambayo kiasi cha CFC ndani yake kinajulikana, sampuli, kisha gesi sanifu tena. Chupa mbili zikitofautiana zaidi ya asilimia 1, rudi ufukweni. Mwaka 2020 hewa ya dunia ilikuwa na takriban molekuli 224 za CFC-11 na 497 za CFC-12 katika kila molekuli trilioni, na zote zinapungua. Ukipata CFC-12 560 huku CFC-11 iko sawa, umepima friji ya jirani. Zote mbili zikishuka kwa kiwango kimoja, kagua gesi sanifu na kiasi ulichoingiza kwenye mashine kabla ya kuilaumu hewa.