Ukiacha gari Goma kwa miezi, usivute freni ya mkono

Wenzetu mnaoacha gari kwenye parseli (kiwanja cha nyumba) na kwenda Ulaya: tia vitesi (gia) ya kwanza (automatiki, tia P), kisha weka mawe makubwa mbele na nyuma ya gurudumu moja. Freni ya mkono iache chini. Mvua ya hapa na unyevu wa ziwa hufanya chuma kipate kutu, na freni iliyobana miezi sita hugandamana na diski au ngoma ya gurudumu (vyuma ambavyo freni hubana); hata kamba yake hukwama. Ndivyo tulivyokuta gari la kaka yangu juzi: gurudumu la nyuma limekataa kabisa kuzunguka. Mawe ya volkano yanafaa sana, yanakwaruza, hayatelezi. Kabla ya kuliegesha, tembea kidogo ukikanyaga freni mara kadhaa zikauke, hasa kama umetoka kuliosha. Kwenye mteremko, kama parseli nyingi za Bukavu, usijaribu hivi: tafuta kwanza mahali tambarare. Na kama limeshaganda, tafadhali usilisukume kwa nguvu ya injini. Mwite fundi afungue gurudumu, agonge ngoma polepole kwa nyundo.