Mahindi 10 hayatoshi kuokoa mbegu ya asili

Kila mavuno kosa ni lile lile. Mkulima wa mahindi ya asili anakwenda kwenye rundo, anachagua mahindi 10 au 15 makubwa kuliko yote, anayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya jiko. Anaamini ametunza mbegu. Baada ya misimu michache mimea inadumaa na mahindi yanatoka na mapengo ya punje. Hapo husema mbegu imechoka, akaiacha. Ndivyo aina iliyotunzwa kwa vizazi inavyopotea, bila mtu yeyote kukusudia kuipoteza.

Mbegu haichoki. Tatizo ni kwamba mahindi huchavushwa na upepo, kwa hiyo katika aina ya asili kila mmea umebeba urithi wake, tofauti na wa jirani yake. Mmoja huvumilia ukame, mwingine huwahi kukomaa, mwingine ganda lake hubana ncha ya hindi hata fukusi wakose pa kuingilia. Ukipanda punje za mahindi 10, shamba zima linakuwa la ndugu wachache wanaochavushana wao kwa wao. Udhaifu uliokuwa umefichika unajitokeza, na sifa zilizobaki kwenye rundo zinaishia mashineni. Ukishasaga, hakuna wa kuzirudisha. Mashamba yanayofanana kwa urithi yana hatari kubwa: mwaka 1970 nchini Marekani, ambako sehemu kubwa ya mahindi chotara ilikuwa na asili moja ya upande wa mama, ugonjwa mmoja wa madoa ya majani uliangamiza takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima.

Kiwango cha chini ni mahindi 100 kutoka mimea 100 tofauti. Hindi moja kwa kila mmea. Ukiweza 200, ni bora zaidi. Usiniambie shamba lako ni dogo: kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mimea 100 inaenea kwenye mita za mraba 23 tu.

Chagua mimea ingali imesimama, si kwenye rundo. Rundo linakuonyesha ukubwa wa hindi na kukuficha sababu yake. Mara nyingi hindi kubwa limetoka pembeni mwa shamba, au palipomwagika samadi, au penye shimo lisiloota lililoachia jirani yake nafasi. Huo si urithi, ni bahati ya mahali. Funga kamba kwenye mimea yenye afya iliyozungukwa na mimea mingine pande zote, ukizunguka shamba zima. Kama aina yako ina punje za rangi mchanganyiko, chukua rangi zote kwa uwiano wake. Kuchagua nyeupe tupu kwa sababu zinapendeza ni kuiua nusu ya aina kwa mkono wako.

Sasa punje. Chukua idadi sawa kwa kila hindi, kutoka sehemu ya katikati. Ekari moja kwa nafasi ile ile, punje moja kila shimo, inahitaji punje kama 18,000. Punje 250 kutoka kila hindi zinakupa 25,000, na ziada ya kurudishia mapengo.

Mahindi chotara ya jirani yakae umbali wa mita 200 au zaidi. Kama haiwezekani, panda ili ndevu za mahindi yako na za mahindi ya jirani zitoke kwa tofauti ya siku 30. Hesabu siku ya kutoa ndevu, si ya kupanda, maana chotara nyingi huwahi. Ukiona punje za njano kwenye hindi la aina nyeupe, limechavushwa na jirani, liondoe. Mwenye aina ya njano asitegemee macho: uchafuzi kutoka kwa nyeupe hauonekani wazi msimu huo.

Anika kwenye turubai, si juu ya bati. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, bado anika siku 2 au 3 hadi ufikie 13 au chini, kisha ufunge kwenye chombo kisichopitisha hewa. Usipande yote, sehemu ibaki, mvua ikikata uwe na pa kurudia.

Ukifanikiwa, mimea haitadumaa na mahindi yatajaa hadi nchani.

Kwenye kila chombo andika jina la aina, mwaka na idadi ya mahindi yaliyotoa mbegu. Kama miaka iliyopita ulikuwa ukichukua 10, tafuta mbegu ya aina hiyo hiyo kwa wakulima wengine watatu au wanne, changanya na yako kabla ya kupanda, na msimu huo huo anza kuhesabu 100.